Miezi 7 kwa tovuti moja, na kanga 63 za bibi

Oktoba 2023 nilipigiwa simu na mzee mmoja mwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Namba yangu alipewa na binti yake, tulisoma wote. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaingia kwenye hoja moja kwa moja. "Mwanangu, nataka tovuti. Mtu akiifungua akiwa huko China ajue hapa kuna kampuni." Wakati huo nilikuwa na miaka mitatu ya kutengeneza tovuti kwa kujitegemea, kazi nikifanyia chumbani kwangu Sinza, Dar es Salaam, na wateja wangu wote walikuwa wa shilingi 300,000 au 400,000. Nikataja 1,800,000. Hakubishana. Usiku ule nilikaa na daftari nikazipangia zile hela mpaka shilingi ya mwisho: kodi ya chumba ya miezi mitatu, kiti cha kufanyia kazi, ada ya mdogo wangu.

Kazi niliyoahidi kuimaliza kwa wiki 6 ilikula miezi 7, na malipo ya mwisho yaliingia Septemba mwaka uliofuata. Katikati yake nikapoteza kitu changu mwenyewe ambacho hakirudi tena. Naandika kwa ajili ya wadogo zangu wanaoingia kwenye kazi hii sasa, na hela nitazitaja kama zilivyokuwa, kwa sababu mimi wakati naanza hakuna aliyenitajia zake.

Kikao cha kwanza kilikuwa ofisini kwao, Posta. Alikuwepo mzee, mhasibu, na mpwa wa mzee ambaye aliambiwa akae kwa kuwa "anajua kompyuta". Mimi nilikwenda na mkataba wa ukurasa mmoja niliouokota mtandaoni na kuutafsiri. Uliandikwa hivi: asilimia 40 kuanza kazi, asilimia 60 kazi itakapokamilika. Hakuna mahali palipoeleza kukamilika ni nini, wala nani ndiye atakayesema imekamilika. Nikasaini, wakasaini, tukapeana mikono.

Wiki iliyofuata nilisubiri 720,000, zikaingia 684,000. Nilidhani wamenikata kwa makusudi. Nikampigia mhasibu kwa sauti ambayo baadaye niliomba radhi. Akanieleza taratibu kwamba ile 36,000 ni kodi ya zuio, asilimia 5, kampuni inalazimika kuikata kwenye malipo ya huduma na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Sikuwa naijua, kwa sababu wateja wangu wa zamani walikuwa watu binafsi wanaonitumia kwa simu. Ukifanya kazi na kampuni, iweke kwenye hesabu zako kabla hujataja bei. Na usiiache ipotee: dai hati yake kila unapolipwa, usingoje uletewe. Ile hati inaonyesha kodi ambayo tayari imelipwa kwa jina lako, na unapowasilisha ritani yako ya kodi inahesabiwa kama sehemu ya kodi unayodaiwa. Mimi ile ya kwanza niliifuatilia miezi minne baadaye, mhasibu akalazimika kufukua mafaili.

Pigo la kwanza kubwa lilikuwa la jina. Kampuni ilikuwa na tovuti ya zamani isiyofunguka, na anwani yake ya .co.tz ilikuwa imechorwa ubavuni mwa malori yote, iko kwenye karatasi za barua na kwenye mihuri. Barua pepe za ofisi nazo zilikuwa kwenye jina hilohilo. Nikamwambia mzee asiwe na wasiwasi, nitaihamishia kwenye seva mpya ndani ya siku mbili. Nilisema hivyo kabla sijatazama chochote.

Nilipokuja kutafuta kumbukumbu za usajili, nikakuta domeini, yaani ile anwani ya tovuti, haiko kwa jina la kampuni. Iko kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti ya kwanza, kwa barua pepe yake binafsi, na kijana mwenyewe yuko nje ya nchi, simu yake haipatikani. Muda wa malipo ulikuwa umebaki wiki chache. Mzee hakuelewa. "Hilo jina ni la baba yangu, limekuwaje mali ya mtu?" Na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba jina la kwenye intaneti linakodishwa kwa mwaka, na mwenye nalo ni yule aliyeandikishwa.

Tulihangaika wiki 5. Barua yenye nembo ya kampuni, nakala ya cheti cha usajili wa kampuni cha BRELA, kitambulisho cha mkurugenzi, maelezo ya nani alimtuma nani. Kilichotuokoa ni dada yake yule kijana, tulimpata Tabata kwa kuulizia ulizia, akampigia kwa namba yake mpya. Alikuwa mtu mwema tu aliyesahau. Akatuma msimbo wa uhamisho siku hiyohiyo. Sasa hivi swali langu la kwanza kwa mteja, hata kabla ya bei, ni hili: domeini iko kwa jina la nani, na barua pepe iliyoandikishwa nani anaifungua? Kama ni mpya, mteja anaisajili mwenyewe, analipa mwenyewe, mimi nimekaa pembeni namwelekeza. Na barua pepe ya usajili isiwe ile iliyo kwenye domeini hiyohiyo, maana jina likizimika na barua za kukukumbusha kulipa zinazimika nalo.

Ule ulikuwa msimu wa mgao wa umeme. Sinza ulikuwa ukikatika asubuhi, unarudi usiku, mara unarudi na kukatika mara tatu ndani ya saa moja. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imechoka, ikikatika inazima papo hapo. Nilijua hilo linaumiza diski. Nililijua na nikaendelea, kwa sababu kifaa cha kulinda umeme nilikiona ni gharama.

Wakati huo nasubiri maneno kutoka kwa mteja. Nilikuwa nimechora kurasa zote kwenye Figma, programu ya kuchorea tovuti, nzuri kwelikweli, na sehemu za maneno nimejaza yale maneno ya Kilatini ya kujazia. Mzee alizipenda. Mpwa alizipenda. Kisha nikawaambia naomba maelezo ya huduma zenu, wakasema tunaleta. Novemba ikapita. Desemba ikapita. Yalipokuja Januari yalikuwa kurasa 11 za Kiingereza zilizonakiliwa kutoka kampuni nyingine ya nje, na ndani yake limebaki jina la hiyo kampuni.

Nikaomba nikae kwenye meza ya mapokezi siku moja, nisikilize simu zinazoingia. Ilikuwa siku ya maana kuliko zote katika kazi ile. Sikusikia mtu hata mmoja akiuliza dira wala dhamira ya kampuni. Walikuwa wafanyabiashara wa Kariakoo na watu walioagiza gari yao ya kwanza, wote kwa Kiswahili, na maswali yao ni yaleyale: gari langu limefika, natakiwa kuja na nini? Mzigo ukichelewa kutolewa gharama inaongezekaje? Nikija na hati ya shehena na TIN inatosha? Dada wa mapokezi alijibu swali la nyaraka mara 9 kabla ya adhuhuri, nilihesabu.

Nikarudi kwa mzee nikamwambia tovuti iwe ya Kiswahili kwanza, Kiingereza kifuate. Alisita, aliona itashusha hadhi. Nikamwomba amuulize dada wa mapokezi. Alimwita, akamsikiliza kwa dakika kama 20, akasema sawa. Ukurasa wa nyaraka za kutolea gari ndio niliouweka juu kabisa.

Hapo ndipo michoro yangu mizuri ilipovunjika. Violezo vingi vya tovuti vimetengenezwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza. Kitufe kilichotosha neno la herufi tano sasa kinatakiwa kibebe "Omba makadirio ya gharama". Menyu ya juu iliyokaa mstari mmoja ikawa mistari miwili, kwenye simu ikawa minne. Vichwa vya habari vikakatika katikati ya neno. Nikaanza upya karibu kurasa zote, na kazi hiyo ya marudio haikuwa kwenye bei. Kama unatengeneza kwa Kiswahili, chora kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, hata kama maneno ni ya muda. Kitufe kisiwe na upana uliofungwa, kiache kitanuke. Kwenye msimbo wa ukurasa andika kwamba lugha ni "sw". Violezo vingi vinakuja vimeandikwa "en", na hapo kivinjari kinaweza kuanza kumwomba Mtanzania ruhusa ya kumtafsiria Kiswahili chake, na programu za kuwasomea wasioona zinayatamka maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza.

Picha nazo zina somo lake. Walinitumia malori kwa WhatsApp, na WhatsApp inaibana picha mpaka inachoka. Mwambie mteja atume kama faili, siyo kama picha, itakuja na ukubwa wake. Halafu wewe ndiye uzipunguze, kwa mpangilio: zipunguze upana, zihifadhi kwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi. Ukurasa wangu wa mwanzo ulikuwa na uzito wa MB 9.4, ukashuka mpaka KB 780, na kwa macho hakuna tofauti. Niliujaribu kwa simu ya bei ndogo ya mama yangu nikiwa kwenye daladala la Mbagala. Anayefungua tovuti yako anailipia kwa bando lake.

Sasa nirudi nyuma kidogo, Desemba, kwa sababu ndani ya kule kusubiri ndiko kulikozaliwa kazi ninayoipenda kuliko zote.

Bibi yangu anaishi Temeke. Ana sanduku la mbao lenye kanga, nyingine zina umri kuliko mama. Nilikwenda kumsalimia siku moja umeme hakuna, nikamkuta amezianika uani zipate hewa, harufu ya udi imejaa uwanja mzima. Nikaanza kusoma majina. Kanga, kwa mtu asiyeitazama kwa makini, ni maua na rangi. Lakini ina mpangilio uliokamilika: pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na chini ya mji kuna jina, herufi kubwa ndani ya kisanduku chake. Mtu dukani hachukui doti kwa maua tu. Anaikunjua mpaka aone imeandikwaje, ndipo anajua anamnunulia nani. Nilisimama pale uani nikiwa na miezi miwili ya kuchora tovuti isiyo na neno hata moja la kweli ndani yake.

Nikamwomba bibi nizipige picha zote niziwekee tovuti yake. Tulihesabu 63, nyingine zimebaki upande mmoja. Nilikuwa nakwenda Jumamosi na Jumapili alfajiri. Kanga ina urefu wa kama sentimita 150 na kimo cha 110, kwa hiyo nilifunga kamba mbili, moja juu na moja chini, nikaibana kwa vibanio pembe zote ili isikunje. Kabla ya saa 2 asubuhi jua bado halijapanda ukuta, mwanga ni sawa pande zote na rangi zinatoka kama zilivyo. Baada ya hapo nyekundu zinaungua. Kila moja bibi alinieleza: alipewa na nani, kwa shughuli gani, mwaka gani. Niliandika kwenye daftari huku nikimrekodi kwa simu. Kanga ya namba 41 ilikuwa imechakaa mpaka unaona mwanga upande wa pili, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Alipewa na wifi yake mwaka ambao alikuwa amekaa muda mrefu bila kupata mtoto mwingine. Alisema hakuivaa. Aliikunja akaiweka, akaja kuivaa siku anatoka hospitali na mama yangu mdogo mikononi.

Februari kompyuta haikuwaka. Diski.

Kazi ya mzee ilikuwa salama, kwa sababu ilikuwa tayari kwenye seva, na seva ina nakala zake. Ambacho hakikuwa na nakala ni cha kwangu. Mimi niliyekuwa namwandikia kila mteja kifungu cha nakala za akiba, sikuwa na nakala ya picha za bibi yangu mzazi wa mama. Nilimpelekea fundi Kariakoo, akakaa nayo siku tatu, 70,000, akarudisha sehemu. Sehemu nyingine nilizipata kwa binamu yangu niliyekuwa namtumia kumwonyesha. Zilizopotea kabisa zilikuwa 19.

Nikarudi Temeke na kamba zangu. Nilipiga 18. Ya 41 haikuwepo. Binamu alikuwa amejifungua Januari, na kama ilivyo desturi ya kanga zilizolainika, bibi aliichana vipande akampa za kumfungia mtoto. Ndiyo kazi yake ya mwisho kanga, na ni kazi ya heshima. Aliponiambia alikuwa anatabasamu, anadhani picha ninayo. Nilishindwa kumwambia siku ile. Nilimwambia wiki mbili baadaye, nikalia mbele yake, akaniambia ninywe chai.

Tangu siku hiyo kila kitu kinakaa mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyo nyumbani kwa mama Magomeni, na kwenye seva. Kila Ijumaa jioni. Diski ya nje niliinunua 180,000, na ningeweza kuinunua Oktoba kutoka kwenye ile 684,000.

Kompyuta ya kuazima niliyoipata haikuwa na nguvu, kwa hiyo nikaacha kuweka nakala ya tovuti ya mzee humo, nikawa nafanyia kazi moja kwa moja kwenye seva. Mnaona kosa moja linavyoshika mkono wa lingine.

Uzinduzi tuliupanga Jumatatu, 13 Mei 2024. Ijumaa usiku nilihamisha kila kitu kwa mkupuo, tovuti na barua pepe, kutoka kwenye seva yao ya zamani ya hapa Dar kwenda mpya iliyoko Ujerumani. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu. Waliokuwepo wanakumbuka. Intaneti nchi nzima ikawa inavuta kwa shida, kuna saa haivuti kabisa.

Jumatatu saa 4 asubuhi ukumbi mdogo wa ofisi umejaa, kuna soda mezani, mzee amevaa suti. Nikaandika anwani. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Nikajaribu simu yangu, nikajaribu ya mpwa. Nikaeleza habari ya nyaya, na wote walikuwa wameisikia redioni, lakini mhasibu akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake: tovuti kadhaa za hapa nchini zinafunguka, na Ijumaa barua pepe zilikuwa zinaingia. Walikuwa na meli inayoshusha siku hiyo na nyaraka zinatakiwa zije kwa barua pepe. Mzee hakufoka. Alisema tu, "Mwanangu, kwa nini ulihamisha vyote?" Kwenye mwendokasi sikuwa naona mbele kwa machozi. Nilishuka Shekilango nikakaa kituoni kama nusu saa kabla ya kutembea kwenda nyumbani.

Nyaya hazikuwa kosa langu. Kuhamisha barua pepe pamoja na tovuti lilikuwa langu. Kuhamisha mwisho wa wiki, wakati ofisi imefungwa na hakuna wa kugundua tatizo, langu. Kwenda kwenye uzinduzi bila nakala inayofunguka kwenye kompyuta bila intaneti, langu. Siku hizi tovuti inahama Jumanne au Jumatano asubuhi. Barua pepe zinabaki zilipo, zinahama wiki nyingine, na siku moja kabla nashusha TTL, muda ambao mitandao inakumbuka anwani ya seva ya zamani, mpaka sekunde 300 ili nikihitaji kurudisha nyuma mabadiliko yaenee haraka. Na kwa mteja ambaye watu wake wote wako hapa nchini, sasa naanza kwa kutafuta seva ya hapa nchini, hata ikizidi bei kidogo.

Hali ilipotengemaa tovuti ilifunguka na wiki ya pili dada wa mapokezi akaniambia watu wanakuja na nyaraka kamili, wameziona kwenye simu. Nilidhani sasa nitalipwa. Mhasibu akasema mkurugenzi hajasaini. Mpwa akasema bado kuna mfumo wa kufuatilia mizigo, mteja aingize namba aone mzigo wake ulipo. Haukuwa kwenye mkataba. Lakini Machi, kwa kutaka kuwaridhisha, nilisema kwa mdomo "tutaangalia". Neno hilo moja lilinigharimu Juni na Julai. Nilikwenda ofisini mara 6.

Kuna rafiki aliyenishauri niizime tovuti mpaka walipe. Nilikaribia. Usiku mmoja nilikuwa nimeshaingia kwenye seva, kidole kiko juu ya kitufe. Nilichofikiria ni yule anayekuja kutoa gari lake la kwanza, atakuta ukurasa mweupe. Pia nilijua nikizima nitakuwa nimehalalisha kila wanachosema juu yangu. Badala yake nikaandika ukurasa mmoja: kazi 14 tulizokubaliana, kila moja na tarehe iliyokamilika, chini yake mstari unaosema mfumo wa kufuatilia mizigo ni kazi mpya yenye bei yake, na nafasi ya sahihi. Nikaupeleka kwa mzee mwenyewe, siyo kwa mpwa. Alisoma kwa kalamu mkononi, mstari kwa mstari, akauliza maswali mawili, akasaini. "Kumbe kazi yenyewe imeisha," akasema. Hakuna mtu aliyekuwa amemwonyesha. Baada ya wiki mbili zikaingia 1,026,000.

Hesabu ya mwisho ni hii. Mkononi niliingiza 1,710,000. Seva ya mwaka nililipa mimi kwa haraka za kuanza, 165,000, sikurudishiwa. Domeini 25,000. Mpiga picha wa malori 200,000. Bando na nauli 240,000. Zilibaki 1,080,000, kwa saa 214 nilizoandika kwenye daftari, ambazo ni kama 5,000 kwa saa, na hapo sijaweka saa ambazo sikuziandika.

Mkataba wangu wa sasa una malipo matatu. Asilimia 40 kuanza, 40 mteja akishaidhinisha michoro, 20 kabla tovuti haijawekwa kwenye domeini yake. Marekebisho ni awamu mbili kwa kila hatua. Na kuna jina la mtu mmoja, mmoja tu, mwenye kauli ya mwisho. Michoro siianzi kabla maneno hayajafika. Kuna kifungu pia juu ya fomu: sikusanyi taarifa ambazo mteja hazihitaji. Fomu ya mzee mwanzoni ilitaka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kutoka kwa mtu anayeuliza bei tu, nikaiondoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika 1 Mei 2023 na wengi wetu tunaotengeneza fomu hatujaifungua.

Wa kwanza kuusaini mkataba huu alikuwa mama mmoja wa Tabata anayeoka keki, Oktoba 2024. Kazi ya 650,000, siku 11. Aliniambia mapema, "Mwanangu, mimi kuandika siwezi." Nikamwomba anitumie sauti za WhatsApp, anieleze keki zake kama anavyomweleza mteja aliyesimama mlangoni. Zilikuja sauti 16, nyuma unasikia mashine ya kuchanganyia na watoto. "Ya harusi usiniagize kwa siku mbili, nipe wiki, maana napaka tabaka la kwanza nasubiri likauke, nikiharakisha inatoa machozi." Sentensi hiyo iko kwenye tovuti yake neno kwa neno. Chini yake kuna kitufe kimoja kinachofungua WhatsApp ujumbe ukiwa umeshaandikwa, unajaza tarehe na idadi ya wageni. Alinilipa ile asilimia 20 akiwa bado yuko jikoni, kwa simu, na keki ndogo nikapewa.

Ya bibi niliimaliza Desemba. Imekaa kama kanga yenyewe: picha juu, jina chini kwenye kisanduku, herufi kubwa. Iliyonisumbua zaidi kuipanga ni NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, kwenye simu ilikuwa inajikata vibaya mpaka nikaivunja kwa mkono baada ya MENO YAKE, pale bibi anapovuta pumzi akiisoma. Kuna moja aliyosema nisiiweke, na sikuiweka, wala sitaeleza ni ipi.

Ukurasa wa 41 hauna picha. Una kisanduku chenye jina, na chini yake maneno ya bibi kama nilivyoyaandika kwenye daftari. Nilimpelekea Temeke siku ya Krismasi aone, kwenye simu ya mama. Alisogeza kwa kidole kimoja mpaka alipofika hapo, akaomba nikuze maandishi, nikayakuza. Akasoma kwa sauti, akanyamaza, akasema mwaka nimekosea. Siyo 1986. Mama yako mdogo amezaliwa 1984, mwezi wa tatu, mvua zimeanza. Nikatoa simu yangu nikaingia kwenye tovuti hapohapo nimesimama mlangoni, nikarekebisha, nikamrudishia aone.